Kukodi biti au kununua haki zote? Jibu kwa msanii anayeanza

Mdogo wangu, umeuliza kama utoe shilingi 40,000 ununue haki zote za biti (muziki wa ala wa kuimbia juu yake) uliyoipenda YouTube, au uikodi kwa 3,000, na huo ndio wimbo wako wa kwanza. Mimi ni prodyuza hapa Mombasa, biti zangu nazikodisha na nyingine naziuza moja kwa moja. Kwa hali yako, kodi.

Najua unachohofia: mtu mwingine kuimba juu ya biti hiyo hiyo. Ataimba, ndiyo. Lakini msanii asiyejulikana bado tatizo lake ni kusikika, na hizo pesa zinazobaki zikienda kwenye miksi nzuri na kuusambaza wimbo zitakufaa zaidi. Mwaka 2018 rapa wa Marekani Lil Nas X alilipa dola 30 tu kwa biti ya YoungKio, prodyuza wa Uholanzi. Mwaka uliofuata wimbo alioutoa juu yake, Old Town Road, ukakaa namba moja Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 19. Biti hiyo ilikuwa na kipande cha muziki (sampo) wa bendi ya Nine Inch Nails, ndiyo maana Trent Reznor na Atticus Ross wa bendi hiyo wametajwa kati ya watunzi. Kwa hiyo muulize muuzaji, kwa maandishi, kama kuna sampo ya mtu humo ndani.

Sasa hapa ndipo watu wengi huumia. Kununua haki zote hakuwafuti waliokodi kabla yako. Mteja wangu mmoja alinunua biti kwa muuzaji wa mtandaoni, akalipa akiba yake yote, akaachia wimbo. Haukupita muda YouTube ikamletea dai la hakimiliki. Kumbe kuna msanii aliyekuwa ameikodi mapema, akausajili wimbo wake Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki na kuudai, kupitia msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo mitandaoni, jambo lisiloruhusiwa kwa biti ya kukodi kwa sababu mfumo ule unataka kitu unachokimiliki peke yako. Tulipinga kwa mkataba wake uliosainiwa, dai likaondolewa. Wimbo wa yule mwingine lakini upo hadi leo, na ana haki nao. Iliniuma sana, maana hakuna aliyemwambia hilo kabla hajatuma pesa.

Na usikubali ujumbe wa WhatsApp wa "hii ni yako peke yako, bro". Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 33, inataka leseni ya kipekee au uhamisho wa haki uandikwe na kusainiwa na anayetoa. Hata ukisainiwa, soma sehemu inayohusu mgao wa utunzi wa wimbo: prodyuza wengi hubaki na nusu, na mimi pia hubaki nayo.

Kwenye leseni ya kukodi angalia muda, idadi ya kusikilizwa inayoruhusiwa, na kama unapewa MP3 tu (faili lililobanwa) au WAV (faili lenye ubora kamili) pamoja na vipande vya kila ala, kila kimoja peke yake. Ukiweza, chukua yenye vipande. Fundi wa miksi atakushukuru. Wimbo ukianza kushika, mrudie muuzaji mapema, kabla hujafikia kikomo, umuombe haki zote. Akiwa ameshamuuzia mwingine, leseni yako itaendelea mpaka muda wake uishe, ila kuihuisha huenda isiwezekane tena. Kwa hiyo tangu mwanzo omba yenye muda mrefu kuliko zote alizonazo, hata kama itakuongezea elfu moja au mbili.