Kabla ya Kuilaumu Kontrola ya Kigari cha Gofu

Kigari changu cha volti 48 kilianza kuzima kila kilipofika kwenye mwinuko. Kwenye tambarare kilikwenda bila shida, lakini ukipanda kidogo tu kinasita, kinakata umeme, halafu baada ya dakika chache kinaamka kama vile hakikuwa na neno. Fundi niliyemwita alisema kontrola, yaani kifaa kinachopima umeme wa kupeleka kwenye mota, imeungua. Nilimwamini, kwa sababu kontrola ni kisanduku kilichozibwa, hakuna anayeona kilichomo ndani. Nikanunua mpya, nikaifunga, nikapanda mwinuko uleule. Kikazima palepale.

Kosa lilikuwa kwenye betri moja. Kigari changu kina betri sita za volti 8, na zikiwa zimepumzika zote zilisoma zaidi ya volti 8 bila tatizo. Nilipozipima moja moja huku mwenzangu akikanyaga pedali kwenye mwinuko, tano zilishuka kidogo tu, ya sita ikaporomoka hadi chini ya volti 6. Kontrola ilikuwa inaona umeme umepungua mno, inajifunga kujilinda. Yaani niliyemtoa kazini ndiye aliyekuwa akifanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo maana nasisitiza sana: pima betri zikiwa zinabeba mzigo, yaani kigari kikivuta. Seti ya volti 48 iliyojaa husoma kama volti 50.9 ikipumzika, lakini namba hiyo peke yake haikuambii betri ina nguvu kiasi gani.

Usalama kwanza, na hapa naomba usifanye haraka. Kwa vipimo vingine vinavyofanywa kigari kikiwa mahali pamoja, inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, na uzuie ya mbele yasiviringike. Vua pete na saa; spana ikigusa ncha mbili za betri kwa pamoja hupata moto wa kukuunguza vibaya. Kama kigari kina swichi ya Tow/Run (kuvutwa au kuendeshwa), iweke kwenye Tow kabla ya kufungua au kufunga waya mnene wowote. Kumbuka pia kwamba kapasita za ndani ya kontrola, vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kutoa waya wa betri. Umalize kwa kuunganisha rezista au balbu kati ya B+ na B- (ncha za kontrola zinazopokea chanya na hasi ya betri), usipige shoti kwa bisibisi.

Betri zikiwa nzima, sikiliza soleneidi, swichi ya sumaku inayofungulia kontrola umeme mkubwa, unapokanyaga pedali. Isipolia, fuata waya za koili yake: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ndogo iliyo kwenye pedali, swichi ya mbele na nyuma. Hiyo ndogo ya pedali hunasa vumbi na kutu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ikilia lakini kigari hakiendi, usiishie kwenye sauti. Pima kati ya skrubu zake mbili kubwa ikiwa imefunga: mita isome karibu na sifuri. Ukiona volti kadhaa, vidole vya ndani vimeungua, umeme haupiti hata kama mlio unasikika vizuri.

Kisha pedali. Kuna zinazotumia potenshometa (kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika unapokanyaga), na nyingi za aina hiyo hutoka sifuri hadi omu 5,000. Ikanyage polepole mno huku ukitazama mita. Namba ipande bila kuruka. Ikirukaruka katikati, kigari kitashtuka au kusita, na lawama zitaiendea kontrola tena. Vigari vingine hutumia sensa isiyogusana, hivyo soma kwanza ni aina gani uliyo nayo.

Ikiwa kontrola yako ina taa ya kumweka, hesabu inavyomweka na ulinganishe na jedwali la mtengenezaji. Lakini namba hiyo inakuonyesha njia inayolalamika, haikuambii kifaa kipi kimekufa. Alama ya pedali inaweza kuwa waya uliochubuka tu.

Sasa ndipo kontrola ifikiwe. Kwenye kigari chenye mota ya umeme wa moja kwa moja, hakikisha B+ na B- zinapata volti zote za betri, kisha pima kati ya B+ na M- (ncha inayokwenda kwenye mota) ukikanyaga taratibu. Volti zipande kutoka sifuri kuelekea za betri. Kama ishara ya pedali ni nzuri, umeme unaingia na hapo hakuna kinachotoka, kontrola imekufa kweli.

Kifo cha aina nyingine ni cha hatari: ukigusa pedali kidogo tu, magurudumu yanazunguka kwa kasi yote. Mara nyingi transista za ndani, yaani swichi za kielektroniki zinazodhibiti umeme wa mota, zimepiga shoti. Toa waya zote, maliza umeme wa kapasita, pima ukinzani kati ya B- na M-. Ukikuta karibu sifuri, jibu umelipata. Kigari cha namna hiyo usikishushe kwenye stendi hata kwa mita mbili kabla hujaibadilisha.