Beetle inalia ukikanyaga klachi: usikimbilie giaboksi

Mkuu, maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya cc 1300, ile inayokaa nyuma. Ukiwasha iko kimya, ukikanyaga klachi kelele inaanza huko nyuma, ukiachia inanyamaza. Fundi kakwambia giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine. Hela usitoe kwanza. Kwa haya uliyoandika, giaboksi ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Nina Beetle yangu hapa Dar, kadi inasema 1974, na kelele hiyo nimeishi nayo mara mbili. Mara ya kwanza kosa lilikuwa langu. Mara ya pili ni la aliyeniuzia spea, ingawa nami nilikuwa pale dukani naitikia kila alichosema.

Fikiria kinachozunguka huko ndani. Mguu ukiwa mbali na pedali, klachi pleti imebanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki, shafti kuu ya injini) na presha pleti, kwa hiyo shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka pamoja na injini hata ukiwa nyutro. Beringi za shafti hiyo zikichoka zinalia hapo hapo, gari imesimama, mguu uko nje. Ukikanyaga, shafti inasimama na kelele inakatika. Wewe umesema yako ni kinyume chake. Beringi ya rilizi ndiyo inayokaa bila kazi mpaka ukanyage, ndipo foki, yaani mkono unaovutwa na waya wa klachi, inaisukuma ikutane na presha pleti inayozunguka.

Ila sio rilizi peke yake inayolia ukikanyaga. Kwenye Beetle kuna watuhumiwa wengine wawili, na ukishusha injini bila kuwatenganisha utaipandisha na kelele ile ile.

Fanya hivi. Weka mawe kwenye matairi, handibreki juu, gia nyutro, injini iwe imeshapata moto. Zima redio, fungua boneti ya nyuma, mtu mmoja akae kwenye usukani, wewe simama nyuma. Mwambie aguse pedali kwa uzito wa kidole tu, mpaka pale anapohisi ile nafasi ya bure imeisha na uzito umeanza. Asiende zaidi. Rilizi iliyochoka inaanza kulia hapo hapo, sauti nyembamba kama nyenje wa saa za jioni, na anavyozidi kukanyaga ndivyo inavyozidi kuwa nene, mpaka ikawa kama kitu kinasagwa.

Kama pale pa mwanzo kuko kimya, na kelele inakuja pedali ikiwa chini kabisa tu, mtuhumiwa ni ile beringi ndogo ya sindano iliyo ndani ya nati kubwa ya flaiwili, ile nati ya 36. Ncha ya shafti ya giaboksi inakaa humo. Klachi ikiwa imeshika, nati na shafti vinazunguka pamoja, beringi haina la kufanya. Klachi ikiachia, krenki inazunguka na shafti imesimama, hapo ndipo sindano zinafanya kazi. Mwambie akanyage mpaka chini na aingize gia ya kwanza bila kuachia, shafti isimame kabisa, kisha sikiliza tena kama bado inalia. Wewe usisimame mbele ya gari wala nyuma yake wakati huo, mguu wa mtu huteleza.

Wa pili ni krenki yenyewe, na hapa mafundi wengi hawaangalii. Ukikanyaga klachi ya Beetle unaisukuma krenki kuelekea bampa la nyuma. Zima injini. Chuchumaa nyuma, kodoa macho kwenye puli ya chini, ile ya feni belti, halafu mtu akanyage na kuachia, akanyage na kuachia. Puli ikitulia, sawa. Ukiiona inakuja kwako na kurudi, krenki ina mchezo mkubwa. Kipimo chake ni milimita 0.07 hadi 0.13, mwisho kabisa 0.15, na hicho ni kiasi ambacho jicho halipaswi kukiona. Kama unakiona, tatizo sio klachi tena, ni beringi kubwa ya upande wa flaiwili, na hiyo ni habari ya kufungua injini nzima. Bora uijue leo kabla hujanunua seti ya klachi.

Kama feni na dainamo vinakuchanganya masikio, vua feni belti na uwashe kwa nusu dakika, isizidi, maana injini hii inapozwa na upepo wa hiyo feni. Halafu chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye ganda la giaboksi pale inapokutana na injini, mpini kwenye sikio. Utashangaa sauti inavyokuja wazi.

Na kama inalia hata injini ikiwa imezimwa, hiyo ni bushi ya pedali au waya wa klachi uliokauka. Grisi kidogo, yameisha.

Sasa kosa langu la kwanza. Waya wa klachi ulikatika Ubungo kwenye foleni, nikafunga mpya barabarani na kuukaza mpaka pedali ikawa inashika juu kabisa. Niliipenda hiyo pedali. Klachi ilikuwa inashika kama gari mpya! Kumbe nimeimaliza plei yote, ile nafasi ya bure ya pedali, na rilizi ikawa inazunguka muda wote, saa nzima ya foleni asubuhi na nyingine jioni, na mguu wangu juu yake kama kawaida. Baada ya miezi michache nyenje wakaanza kuimba. Ilipotolewa, uso wa beringi ulikuwa umegeuka rangi ya bluu kwa joto. Beringi haikuwa na kosa lolote, niliiua mimi kwa nati ya masikio, ile ya kukazia waya.

Pedali ya Beetle inatakiwa iwe na plei ya milimita 10 hadi 20, yaani kama upana wa kidole, kabla haijawa nzito. Rekebisha kwenye nati ya masikio iliyo mwisho wa waya, kushoto mwa giaboksi karibu na tairi la nyuma. Na rudi kuiangalia kila baada ya muda, kwa sababu klachi pleti inavyolika plei inapungua yenyewe. Huenda hata yako ilikazwa kupita kiasi, pima plei yake. Beringi iliyokwishaumia haiponi, lakini utakuwa umejua ilichokufa nacho.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu. Kuanzia modeli za 1971, giaboksi za Beetle zilikuja na bomba fupi la kuongozea ambalo shafti inapita katikati yake, na rilizi inateleza juu ya hilo bomba. Za zamani hazina bomba, rilizi inaning'inia kwenye foki tu. Kwa hiyo presha pleti nazo ni mbili: ya giaboksi ya zamani ina pete katikati, mahali pa rilizi kukanyaga, na ya giaboksi mpya haina pete. Gari yangu kadi ni 1974, nikaenda duka moja la spea nikasema 1974, nikapewa ya bila pete. Kumbe mwenyewe wa kabla yangu alishabadilisha giaboksi akaweka ya zamani. Fundi akafunga rilizi iliyokubali kukaa kwenye foki, ikawa inakanyaga vidole vya presha pleti, vile vya katikati vinavyosukumwa kuachia klachi, vikavu vikavu, tena pembeni kidogo. Haikufika miezi miwili. Tulipofungua, vidole vilikuwa vimechimbwa kama vimepigwa tupa.

Hizi gari zetu zimeshabadilishwa vitu kwa miaka hamsini, kadi haikwambii kilichomo. Shusha injini kwanza, chungulia giaboksi kama kuna bomba au hakuna, ndipo uende dukani na beringi ya zamani mkononi.

Kushusha injini kusikutishe, Beetle ndiyo rahisi kuliko zote. Imeshikwa na boliti nne za spana 17, mbili juu mbili chini, na ya juu kulia imeshika pia staata. Toa betri, waya wa eksilereta, mpira wa petroli uzibe, waya na mipira ya hita, jeki yenye ubao chini ya injini, kisha ivute nyuma taratibu ikiwa imenyooka mpaka shafti itoke, usiiache ining'inie kwenye shafti.

Rilizi ikishatoka, ibane kwa vidole ukiizungusha. Nzima inazunguka kimya na kwa uzito fulani, kama ina asali ndani. Iliyokufa inakwaruza, au inazunguka kwa wepesi kama toi kwa sababu grisi imekwisha. Usikubali mtu aioshe kwa petroli! Imezibwa na grisi yake ndani, ukiiosha umeiua kabla haijafungwa. Tazama na vile visprini vya waya vinavyoishika kwenye foki, kimoja kikivunjika beringi nzima inacheza na kugonga. Tikisa pia shafti ya foki, bushi zake zikiwa zimelika rilizi mpya itakaa upande. Ukiwa na bomba, paka grisi kiduchu, maana ya ziada itarukia pleti.

Kwa hiyo anza na lile la kugusa pedali kwa kidole, halafu la puli. Yote mawili ni dakika kumi na hayana gharama. Puli ikisogea au isiposogea, andika hapa, na utuambie kelele ilianzia wapi kwenye pedali.