Kwa Mwalimu wa Mbwa: "Mazoezini anapaa, mashindanoni ananusa majani"

SWALI: Mwalimu habari za siku. Mi niko Leicester, Uingereza, nina koka spanieli wa miaka mitatu anaitwa Karanga. Tunacheza ajiliti, ule mchezo wa mbwa kuruka viunzi, kupita kwenye handaki, kupanda ubao na kuzunguka vijiti huku saa inahesabu. Sa tatizo langu ni hili, Jumatano klabuni Karanga anapaa, yaani anabweka akiona zamu yake imechelewa. Jumamosi tukienda mashindano anaruka viunzi viwili vitatu alafu anashusha pua anaanza kunusa majani kama kapoteza shilingi. Juzi katoka kabisa uwanjani akawafuata watu wanaokula baga. Nikimwita kwa nguvu ndo anazidi. Wenzangu wanasema ni mvivu, mume wangu anasema ananidharau. Nifanyeje? – Mama Karanga

JIBU: Mama Karanga, nzuri tu. Tuanze kwa kulitupa hilo neno mvivu, manake mbwa anayebweka akidai zamu Jumatano hawezi kuwa mvivu Jumamosi. Na kudharau nako mwambie mzee mbwa hana hiyo hesabu. Kunusa ghafla katikati ya kazi mara nyingi ni mbwa kuelemewa, hakuna anachokitafuta pale chini. Wengine wanapiga miayo, wengine wanajilamba midomo, wengine wanakaa kujikuna utadhani wana viroboto. Ni njia yake ya kujipumzisha kichwa.

Tafuta mtu awarekodi kwa simu, alafu ukifika nyumbani angalia polepole kilichotokea KABLA hajashusha pua. Nina hakika karibu yote kwamba utaona hivi: Karanga katua baada ya kiunzi cha tatu, kainua macho kukutazama, na we wakati huo unatafuta namba nne iko wapi, mkono uko hewani hauelekezi popote, mdomo umefunga. Nusu sekunde tu. Hajui aende wapi, hataki kukosea, pua chini. Hapo we unaona kaharibu mbio ndo unapaza sauti, na yeye anasikia kwamba kumbe kweli mambo yameharibika. Hivo kabla ya kumbadilisha mbwa, ule muda mnaopewa kutembea uwanjani bila mbwa utumie vizuri, kariri njia mpaka ukifumba macho unaiona, na maelekezo yako yatoke mapema akiwa bado anakimbilia kiunzi, sio akishatua.

La pili ni malipo, na hapa ndo penye mzizi. Jumatano una kuku mfukoni na kila akifanya vizuri anapata. Jumamosi sheria haziruhusu kuingia uwanjani na chakula, kwa hiyo mbwa mwenyewe keshajifunza kwamba kukiwa na uzio, jaji na watu wengi, mshahara umesimama. Mbwa ni kibarua wa kutwa mama, kazi ya mkopo hafanyi. Dawa yake sio kuficha nyama kwenye soksi (nimeona watu!), dawa ni kumfundisha kwamba malipo yako nje ya geti na ni makubwa kuliko ya siku zote.

Anza nyumbani. Weka kopo la kuku juu ya kiti, mwoneshe, sogeeni mbali kidogo, aruke kiunzi kimoja tu, sema lile neno lako la furaha alafu kimbieni WOTE mpaka kwenye kiti ale. Sio unamrushia, mnakimbia pamoja, hiyo mbio yenyewe ni sehemu ya zawadi. Akishaelewa weka viunzi viwili, weka handaki, kiti kisogee mpaka nje ya mlango. Hamia klabuni, hamia kwenye bustani asiyoijua, polepole mpaka afanye njia nzima bila kuliona lile kopo ila anajua lipo. Na usiongeze tu kila siku, mara nyingine mlipe baada ya kiunzi cha pili asichokitegemea, kesho afanye kumi, keshokutwa afanye kimoja. Mbwa akijua lini hasa analipwa anaanza kupiga mahesabu.

Kuku awe wa kuchemsha tu, bila chumvi, na kitunguu kisiingie kabisa manake ni sumu kwa mbwa. Msimpe masalia ya pilau jamani. Kama anapenda kamba ya kuvutana kuliko chakula basi tumia kamba, spanieli wengi ndo zao.

Kuna kitu watu wengi hawakitumii: sheria za Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, zinakuruhusu kutangaza kabla ya kuanza kwamba mbio zako sio za kushindania, na ukitangaza hivo unaweza kuingia na toi isiyotoa sauti. Hupati pointi wala utepe, lakini Karanga anapata kitu ambacho hajawahi kukipata, yaani kulipwa ndani ya uwanja ule ule wenye jaji na makelele. Mi ningekushauri mashindano kadhaa yajayo yote uyafanye hivo, viunzi vitatu, mchezo, toka. Najua hela ya kiingilio inauma na petroli juu, ila kumpeleka ashindwe kila Jumamosi ni kulipia somo baya.

Usisahau kwamba huu mchezo wenyewe ulizaliwa mbele ya umati. Ulianza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts pale Olympia, London, kama burudani ya kujaza nafasi kati ya shughuli kubwa, wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Makelele yamo tangu mwanzo, kwa hiyo makelele nayo yanafanyiwa mazoezi. Nenda mashindanoni siku ambayo hujajiandikisha, kaeni mbali na uzio, mcheze, ale, mwondoke.

Na we mwenyewe Jumamosi sio yule wa Jumatano. Sauti imepanda, viganja vimelowa, mbwa kakaa kwenye gari tangu alfajiri, unamtoa unamsimamisha kwenye foleni nyuma ya mbwa wa koli anayepiga kelele, alafu unataka afurahi. Mtoe mapema atembee, akojoe, apashe misuli. Muombe mtu akushikie nafasi na we baki pembeni na mbwa wako mpaka wamebaki mbwa wawili watatu mbele. Muwe na utaratibu mmoja wa kuingia, wa klabuni na wa mashindanoni uwe ule ule, maneno yale yale, kuvutana kidogo, geuka, twende. Akinusa tena usimfokee wala usimburute, mchangamkie, mpe kiunzi kimoja rahisi, tokeni mkimbilie kopo.

SWALI: Mwalimu niaje. Niko Rongai, nina German shepherd wa miezi tisa. Nimemtengenezea viunzi vya mbao na tairi la gari la kurukia lakini dakika tano tu amechoka, analala kwa kivuli, hata nikimvuta. Mbwa mkubwa hivi anachokaje haraka? – Jamaa wa Rongai

JIBU: Poa kaka. Najua kuna jirani ashakuuliza mbwa wa kulinda geti anarukishwa viunzi vya nini, mwache. Ila huyo wako sio mkubwa, ni mtoto mwenye mwili mrefu. Mifupa ya mbwa wa aina hiyo bado inakua mpaka apite mwaka, wengine mwaka na nusu, na hata Uingereza hawaruhusu mbwa kushindana ajiliti kabla ya miezi 18. Kwa hiyo mbao zote shusha chini kabisa, azivuke kwa kutembea, na hilo tairi liondoe leo, ni gumu, akinasa mguu utalia.

Dakika tano ndo zinazomtosha, hajakosea. Ungemaliza dakika ya tatu akiwa bado anataka, kesho angekungoja mlangoni. Mvutie kamba ya suruali kuukuu ya jinzi, mpe vipande vya matumbo ya kuchemsha vyenye ukubwa wa harage, na mfanye asubuhi mapema au jioni. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza zaidi kwa kuhema, jua la saa saba linaweza kumuua. Akihema sana na ulimi umetoka wote, acha, maji na kivuli. Na kama anashinda amefungwa mnyororo mchana kutwa alafu unamfungua kwa mazoezi tu, anza na matembezi kwanza, viunzi baadaye.

SWALI: Mbwa wangu wa miaka saba ameanza kudondosha viunzi na anasita kwenye vijiti, zamani hakuwa hivo. Nimwongezee zawadi? – Msomaji, Birmingham

JIBU: Hapana, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza, zawadi zisubiri. Mbwa aliyekuwa anaruka vizuri alafu akabadilika mhisi maumivu kabla ya kumhisi tabia: mgongo, nyonga, mabega, hata ukucha uliochanika. Mbwa anaweza kuchechemea kidogo sana usione, mrekodi akitembea polepole kwenye sakafu ngumu, kwa mbele na kwa nyuma, umwoneshe daktari hiyo video maana wengi wakifika kliniki wanajikaza. Mpime na uzito. Mpaka daktari aseme sawa, hata kiunzi kimoja usimrushe.