Maji ya chizi yana sukari nzuri, ila usijidanganye kwenye kalori

Anayetengeneza chizi (jibini) anajua, lita 10 za maziwa zinatoa kilo 1 hivi, kinachobaki ni maji yenye rangi ya kijani njano na wengi wanayamwaga tu. Jamani msiyamwage, hasa mtoni, bakteria wakianza kuyala wanamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Kila lita ina gramu 45 hivi za laktosi, sukari ya maziwa, na hiyo ndo inatoa tagatosi, sukari nyingine ambayo utamu wake ni kama asilimia 92 ya sukari ya kawaida lakini ina kalori 1.5 tu kwa gramu wakati sukari ya kawaida ina 4.

Watu wananiuliza sana kama inawezekana kutengeneza tagatosi jikoni. Nusu ya kazi ndiyo. Mi huwa naweka matone ya laktesi, kile kimeng'enya cha watu wasiopatana na maziwa, naacha kwenye friji, laktosi inakatika inakuwa glukosi na galaktosi na utamu unapanda kabisa, halafu nachemsha moto mdogo mpaka inakuwa nzito kama asali. Tamu kweli. Lakini kalori ziko palepale! Hapa ndo naomba tuelewane, maana nasikia watu wanaisifia kama sukari nyepesi, na mgonjwa wa kisukari akiiamini anajipa glukosi iliyo tayari kabisa kuingia kwenye damu.

Kalori zinapungua hatua inayofuata, galaktosi ikigeuzwa tagatosi, na hiyo inataka kimeng'enya kingine au kalsiamu hidroksaidi (chokaa), tena haigeuki yote, lazima uitenganishe na iliyobaki kwa mitambo. Hicho ni kiwanda, tusidanganyane, na chokaa usiiguse kabisa jikoni. Laktitoli, kitamu kingine kinachotokana na laktosi, nayo ni hivyohivyo, inatengenezwa kwa kuingiza hidrojeni kwenye laktosi kwa presha kubwa, na utamu wenyewe hata nusu ya sukari haufiki.

Kwa hiyo kama una maji mengi, ushauri wangu tafuta kiwanda kinachoyachukua, na uyapooze mara tu ukishachuja, kwa sababu yakikaa kwenye joto bakteria wanageuza laktosi kuwa asidi, yanachacha, na sukari uliyokuwa unaitegemea inazidi kupungua. Yale ya chizi ya renneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa) ndo mazuri zaidi, ya kugandisha kwa ndimu au siki yana asidi tangu mwanzo.

Ukiamua kununua tagatosi yenyewe (Marekani imeruhusiwa kwenye vyakula tangu 2001), punguza moto wa oveni, inawahi kubadilika rangi kuliko sukari na keki inaungua juu ndani bado mbichi. Na anza na kidogo, sehemu kubwa hainyonywi kwenye utumbo mwembamba, inaenda kuchachuka kwenye utumbo mpana, ukizidisha ni gesi na kuharisha. Mwenye ule ugonjwa wa kurithi wa mwili kushindwa kutumia fruktosi asiiguse kabisa.