Kwa mnaoanza kushika kamera thieta

Kundi jipya la maintani na wanafunzi limeingia, na kabla ya Ijumaa nimeshaona vituko vyote vya kundi lililotangulia na la kabla ya hilo. Nawapenda, wanangu, na mahamri ya saa nne tutakula pamoja. Lakini jana mmoja wenu amefanya jambo lililonirudisha mbali sana, nikaona heri niandike kuliko kupiga kelele mbele ya mgonjwa. Someni kabla ya kwenda kunawa.

1. Kamera si adhabu. Nawaona mnavyonuna daktari akisema "wewe shika kamera", maana mnataka klipu (vibanio vya kubania mirija) na mkasi. Erich Mühe alipotoa kifuko cha nyongo kwa laparoskopi (upasuaji wa vitundu vidogo, kwa darubini inayoingizwa tumboni) kule Ujerumani mwaka 1985, alichungulia kwa jicho lake mwenyewe. Daktari wetu wa upasuaji anaona kile tu unachomwonyesha wewe. Ukipiga miayo, ini linayumba. Fanya waiti balansi (kamera ijue nyeupe ni ipi) kabla ya kuingia, na ncha ya chombo kinachofanya kazi iwe katikati ya skrini. Kwenye lenzi ya nyuzi 30 kichwa cha kamera kinatulia wima, kinachozungushwa ni waya wa taa. Mkizungusha vyote viwili chumba kizima kinainamisha shingo, na umri wangu hauruhusu tena.

Kama mikono bado inakwenda kinyume (na itakwenda, kwa kuwa troka, kile kibomba cha kupitishia vyombo tumboni, ni egemeo, ukisukuma kushoto ncha inakwenda kulia), tafuteni boksi la viatu, litoboeni, simu iwe kamera, mhamishe mbaazi kavu kutoka kikombe hadi kikombe. Fanyeni hivyo nyumbani, si juu ya utumbo wa mtu.

2. Ukungu. Thieta ina baridi ya eyakondishena, tumbo lina joto na unyevu, kwa hiyo lenzi lazima izibe. Chupa ya maji ya moto ya kuoshea na kupashia lenzi iwe imejaa tangu mwanzo.

Yangu haikuwa imejaa. Wakati huo nilikuwa mgeni wa laparoskopi, katika hospitali ambayo sitaitaja, na mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Likoni mwenye vijiwe vya nyongo. Lenzi ikaingia damu, daktari akaichomoa akanipa. Chupa tupu. Nikailaza darubini, ile fimbo yenye lenzi na taa, juu ya shuka, usawa wa paja, taa ikiwaka, nikageuka kumwagiza mwenzangu maji. Akaniuliza na klipu zimebaki ngapi, nikahesabu. Daktari akataka shashi, nikampa.

Darubini ile ukiishika ubavuni ni baridi kabisa, ndiyo maana inadanganya. Joto liko kwenye ncha, pale mwanga wote unapokusanyika, na shuka ya kijani huungua polepole bila ndimi za moto. Harufu niliisikia. Nikajiambia ni dayathemi, umeme wa kuchomea mishipa, kwani lini thieta yetu haikunuka kuungua? Daktari wa nusukaputi ndiye aliyeinua kichwa: "Sista, hiyo si dayathemi." Nikanyanyua darubini. Tundu la kahawia, la mviringo, kubwa kama shilingi kumi, na chini yake ngozi imegeuka nyeupe. Mtu aliye macho angevuta mguu. Huyu alikuwa amelala kwa dawa tulizompa sisi, na mguu wake ulikuwa dhamana yangu.

Asubuhi nikaenda wodini nikiwa nimeshatunga uongo wa plasta iliyomkwaruza. Nikamkuta amekaa, anawaonyesha majirani vitundu vyake vinne vya tumboni, anajisifu. Kisha akafunua kanga pajani. "Mwanangu, kwani nyongo yangu ilikuwa huku?" Wodi nzima ikacheka. Uongo ukanikwama kooni, nikamwambia: mimi ndiye niliyekuunguza, kwa taa. Hakunifokea. Alitaka kujua taa gani, iliwekwa wapi, na kwa nini katika watu wote wale hakuna aliyeizima. Matroni aliniuliza yale yale baadaye, nikajibu bila taabu. Kwa yule mama nilitetemeka. Vya tumboni vilipona upesi; cha paja kilimrudisha kliniki mara kadhaa kubadilishwa bandeji, avuke feri na jua lile kwa kosa langu. Tulipokuja kukutana Kongowea alinisalimia vizuri, akaniuliza watoto, kisha akajipigapiga pajani na kuendelea kuchagua nyanya.

Basi jana nikaona darubini imelazwa juu ya shuka, taa inawaka, mwenyewe anatazama skrini ya nusukaputi. Aliyeshangaa kwa nini niliikwapua vile, jibu ndilo hilo. Taa iwe stendibai kabla darubini haijatoka mkononi. Kama taa haiko stendibai, ishike darubini.

3. Gesi ya kujazia tumbo. Silinda ya akiba iwe chumbani, si stoo ambayo mwenye ufunguo ameenda kuswali. Shinikizo milimita 12 hadi 15 za zebaki, likipanda zaidi sema. Mapigo ya moyo yakishuka ghafla tumbo linapojazwa, fungua vali gesi itoke, maswali baadaye.

4. Stima. Ikikatika, skrini inakuwa giza na vyombo vimo tumboni. Usichomoe wala usisogeze kitu. Ganda hapo hapo mpaka jenereta ishike. Na ganda kimya. Kuna intani alitoa shahada kwa sauti gizani, daktari wa nusukaputi akaruka kumtafuta mgonjwa mshipa wa shingo, akidhani kafa.

5. Kufungua tumbo. Kabla ya klipu ya kwanza kwenye nyongo kuna mambo matatu, tangu daktari wa upasuaji Strasberg alipoyaandika 1995: mafuta ya pembetatu iliyo kati ya kifuko, mrija wa nyongo na ini yasafishwe, theluthi ya chini ya kifuko ibanduliwe kwenye ini, na vinavyoingia kwenye kifuko vionekane viwili tu. Visipoonekana, konsaltanti atasema "tunafungua". Seti ya vyombo vya upasuaji wa wazi iwe tayari, na tafadhali msimtazame kama golikipa aliyefungwa. Mirija ya nyongo ikikatwa kimakosa, mgonjwa anaishi na hilo miaka. Mara nyingi anayefungua mapema ndiye ninayetaka anipasue mimi.

6. Bega. Mwambieni mgonjwa kabla ya siku yenyewe kwamba bega linaweza kumuuma baada ya upasuaji, kwa gesi iliyobaki chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Asiyeambiwa anakesha akidhani ni moyo, wodi inampigia intani, intani hashiki simu, halafu wananiamsha mimi.