Delosperma inayooza katikati: tatizo ni maji

Mkuu, kwa maelezo yako kuhusu Delosperma, ule mmea wa maua unaotambaa wenye majani manene (ilitanda vizuri, sasa katikati imegeuka kahawia, shina limelainika na maua yanahesabika) hiyo si kiu. Maji yamezidi. Wengi wakiona jani limelegea wanakimbilia mpira wa maji, na hapo ndipo wanapoimalizia.

Zitofautishe hivi. Jani lenye kiu hukunjamana na kuwa jembamba, ila shina hubaki gumu. Jani lililozidiwa na maji huwa la njano, ukilibonyeza linapasuka, na shina linapogusa udongo limekuwa jeusi. Ukivuta, tawi linatoka bila mizizi.

Delosperma cooperi ni mmea wa Afrika Kusini. Jani nene ndiyo tangi lake, na vitundu vyake vya hewa hufunguka zaidi usiku ili usipoteze maji mchana. Kwa hiyo ardhi ikikaa na unyevu muda mrefu, mizizi inakosa hewa na ukungu unaingia. Baridi ya chini ya sifuri inaivumilia vizuri udongo ukiwa mkavu. Baridi pamoja na udongo uliolowa ndiyo inayoua.

Kabla ya kupanda tena, chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Mara ya pili yakishuka chini ya sentimita 3 kwa saa, hapo hapafai bila tuta. Inua tuta sentimita 15 hadi 20, mchanganyiko uwe sehemu mbili za mchanga wa chenga kubwa au changarawe ndogo na moja ya udongo wa kawaida. Tafadhali usimwage mchanga laini kidogo kwenye udongo wa mfinyanzi ukidhani umetibu: unajaza zile nafasi chache za hewa zilizokuwapo na ardhi inagandamana zaidi. Kama una mteremko, tumia mteremko, uachane na kazi yote hiyo.

Huna haja ya kununua miche. Kata ncha zenye afya za sentimita 7 hadi 10 zisizo na maua, toa majani ya chini, ziache kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke. Hatua hii watu huiruka, kisha wanashangaa vipandikizi vinaoza. Chomeka vifundo viwili (pale majani yalipotokea) ndani ya udongo, umbali wa sentimita 30 hadi 40, nyunyiza kidogo. Usifunike na nailoni, mvuke utaozesha majani. Baada ya wiki tatu hivi vuta taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Kwa mwezi mmoja tangu kupanda, mwagilia mara moja kwa wiki, na udongo wa juu ukauke kwanza. Baada ya hapo subiri majani yaanze kukunjamana, kisha mwagilia hadi maji yafike chini, na uache.

Kuhusu maua: jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku, hakuna mjadala. Yanafunguka jua likikolea na kufunga jioni, na siku ya mawingu yanaweza yasifunguke kabisa, kwa hiyo usiyahesabu asubuhi. Samadi nyingi na mbolea ya nitrojeni zinaleta majani tu. Matandazo ya majani makavu pia ondoa, yanashika unyevu shingoni mwa mmea. Weka kokoto ndogo unene wa sentimita 2.

Hilo zulia lako usiling'oe lote. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike shina jeupe la ndani, toa udongo wake, jaza mchanganyiko mpya, chomeka ncha za pembeni. Mkasi uliopita kwenye uozo ufute kwa spiriti kabla haujagusa tawi zima.

Wanaokushauri uchukue ile yenye majani marefu ya pembe tatu, unene wa kidole, hiyo ni Carpobrotus, mmea mwingine kabisa. California na pwani za Mediterania umekuwa gugu sugu linalofunika mimea ya asili. Usiuchanganye na huu.

Mbegu nazo, vifuko vyake vikavu hufunguka vikilowa na matone ya mvua huzirusha. Ukitaka kuvuna, viokote vikiwa vikavu, vitie kwenye maji kidogo vifunguke, kisha zisambaze juu ya mchanga bila kuzifukia.