Kabla ya Kutupa Kompyuta Yenye Windows 10, Angalia Kama Masasisho Yalikuwa Yanaingia

Tangu Microsoft iliposimamisha rasmi msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye steshenari wa Nkuhungu na Chang'ombe, walimu wa Chamwino na Bahi, na watumishi wenye kompyuta mpakato zao binafsi wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: je, mashine hizi sasa ni za kutupa? Baadhi yao wameshatajiwa bei ya mashine mpya na wauzaji waliowaambia kwamba ya zamani imeisha muda wake. Mimi huwaomba wasitoe fedha yoyote kabla ya kufungua sehemu ya mipangilio na kusoma tarehe ambayo kompyuta ilipokea masasisho kwa mara ya mwisho. Kwa sehemu kubwa ya kompyuta ninazozihudumia hapa Dodoma, tarehe hiyo ni ya zamani kuliko Oktoba 2025, na nyingine hazijawahi kupokea chochote tangu siku fundi alipozipiga Windows.

Kusimama kwa msaada hakuzimi mashine. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama ambayo Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na ambayo huziba matundu yaliyogunduliwa ndani ya mfumo. Hatari yake huja polepole. Windows 10 na Windows 11 zimejengwa juu ya msingi unaofanana kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kampuni inapoziba tundu katika toleo jipya, wadukuzi hulichunguza rekebisho hilo, hutambua lilikuwa linaziba nini, kisha huangalia kama tundu hilo limebaki wazi katika toleo la zamani.

Watu husahau, hata hivyo, kwamba msaada kuwepo si sawa na msaada kukufikia. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai komboleo iliyoitwa WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu, na ndani ya siku chache ilikuwa imefika katika nchi zipatazo 150, ikivuruga hata hospitali za umma za Uingereza. Rekebisho la kuzuia shambulio hilo lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, yaani takriban miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unahudumiwa. Walioumia hawakuumia kwa sababu kampuni iliwatelekeza; rekebisho lilikuwepo, ila halikuwa limewekwa kwenye mashine zao.

Hali hiyo ndiyo ninayoiona hapa kwetu kila siku. Intaneti ya wengi ni bando la simu linalogawiwa kompyuta kwa njia ya hotspoti, na sasisho moja la mwezi linaweza kumeza mamia ya megabaiti kabla mteja hajamaliza kutuma barua pepe moja. Kwa sababu hiyo, imekuwa desturi ya mafundi wengi kuzima huduma ya masasisho siku ile ile wanapopiga Windows, na mteja huondoka akishukuru kwamba bando lake halitaliwa. Naielewa sababu yake, lakini naipinga desturi hii kwa nguvu zote, hasa inapoambatana na ya pili iliyo mbaya zaidi, ambayo ni kuiwezesha Windows kwa programu za kuchakachua leseni. Programu hizo hukuagiza uzime antivairasi kwanza, kisha uzipe mamlaka yote juu ya mfumo. Mtu aliyekubali masharti hayo kutoka kwa mtengenezaji asiyemjua hana haki ya kuogopa tarehe 14 Oktoba, kwa kuwa mlango aliufungua mwenyewe siku ya kwanza.

Ili ukubwa wa jambo hili uonekane, nichukue kompyuta ya mezani ya steshenari mojawapo iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika folda yake ya vilivyopakuliwa kuna vyeti vya kidato cha nne na cha sita vya vijana waliokuja kuomba mkopo wa elimu ya juu, vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya NIDA, barua za maombi ya kazi na picha za pasipoti, vyote vikiwa na majina kamili ya wenyewe. Kivinjari chake kimehifadhi nywila za Ajira Portal za watu ambao hawakumbuki tena kama waliwahi kuketi pale. Mwenye duka anaiona mashine hiyo kuwa ya kuchapia tu. Mimi naiona kuwa ghala la taarifa binafsi za watu wengi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimtazami mtunza taarifa kwa jicho la huruma ati kwa sababu duka lake ni dogo. Ushauri wangu wa kwanza kwa wenye steshenari hauna gharama hata ya shilingi moja: futeni mafaili ya wateja kila jioni, na msikubali kivinjari kihifadhi nywila ya mtu mwingine.

Kuhusu Microsoft yenyewe, sidai kwamba ilipaswa kuihudumia Windows 10 milele. Mfumo huo ulitoka tarehe 29 Julai 2015, na miaka kumi ya masasisho bila malipo ni huduma ya kuheshimiwa. Ninachokilalamikia ni masharti ya vifaa vya Windows 11, ambayo yanataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta yenye Core i5 ya kizazi cha sita au cha saba, ikiwekewa diski ya kasi ya SSD na RAM ya gigabaiti 8, inafanya kazi zote za ofisi bila kusuasua, lakini kwa masharti hayo inahesabiwa kuwa haifai. Nchi ambayo mtu hununua kompyuta moja akitegemea aitumie mpaka mtoto wake afike chuo hubeba mzigo mkubwa zaidi wa uamuzi wa namna hii.

Jambo la pili linalonikera ni ubaguzi wa wazi katika masasisho ya nyongeza. Kampuni ilitangaza kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kuongezewa ulinzi hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Watetezi wa watumiaji barani Ulaya walipokuja juu, wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wakapewa ulinzi huo bure bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Hakuna tofauti ya kiufundi kati ya kompyuta iliyoko Ubelgiji na iliyoko Kongwa. Wao walipaza sauti kwa pamoja, sisi hatukudai chochote.

Sasa ufanye nini? Kama Windows yako ni halali, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na usome toleo lililoandikwa. Ukiambiwa kwamba chipu haipo, usikate tamaa haraka, kwa kuwa katika mashine nyingi ipo lakini imezimwa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kwenye prosesa za Intel mara nyingi hupatikana kwa jina la PTT. Mashine ikikidhi masharti, pandisha kwenda Windows 11 bila malipo. Isipokidhi, jiandikishe kwenye masasisho ya nyongeza kwa njia ya kuhifadhi mipangilio, ambayo haidai fedha, mradi kompyuta iwe na toleo la 22H2 la Windows 10. Shule zina utaratibu wao, na bei iliyotangazwa kwao ni dola 1 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, kiasi ambacho mkuu wa shule anaweza kukitetea mbele ya bodi yake.

Suala la bando lina ufumbuzi usiohitaji kuua huduma nzima ya masasisho. Iambie Windows kwamba muunganisho wako unapimwa (kwenye mipangilio huitwa “metered connection”), nayo itaahirisha upakuaji mwingi. Kisha, usiku mmoja kila mwezi, baada ya ile Jumanne ya pili, zima mpangilio huo na uache mashine ipakue kwa bando la usiku. Penye kompyuta nyingi katika chumba kimoja, washa Delivery Optimization ili mashine ziweze kugawana sasisho zenyewe kwa zenyewe kupitia mtandao wa ndani.

Kwa kompyuta ya zamani isiyo na leseni halali, napendekeza Linux Mint, mfumo endeshi unaowekwa badala ya Windows, na nimeiweka katika steshenari na maabara za shule ambako inaendelea kufanya kazi vizuri. Ni ya bure kihalali, toleo lake la 22 linahudumiwa hadi mwaka 2029, na mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 inaimudu. Hata hivyo, usiiweke kabla ya kuijaribu kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, na kitu cha kwanza kujaribu kiwe printa. Printa nyingi za HP hutambuliwa bila taabu, ilhali baadhi ya zile ndogo za Canon zinazotumia mfumo wa CAPT zinaweza kukumalizia siku nzima. Nyaraka za Word zenye majedwali mengi huweza kuhama mistari zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika kwenye Linux badala ya Word, kwa hiyo mwombe mteja akuletee PDF. Na anayetunza hesabu kwa Tally abaki kwenye Windows halali, kwa sababu programu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Ukiamua kununua mtumba, usisome jina la mashine, soma namba ya prosesa. HP EliteBook 840 G4 na G5 zinafanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi, lakini i5-7300U ni kizazi cha saba na i5-8350U ni cha nane, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Windows 11 itakubalika rasmi. Mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa zikiwa zimeshalazimishiwa Windows 11 kwa kukwepa ukaguzi, wakati Microsoft haitoi dhamana kwamba zitaendelea kupata masasisho.

Jambo la mwisho linawapata wale waliokwisha kuhamia Windows 11. Toleo la 24H2, likiwekwa upya na kuunganishwa na akaunti ya Microsoft, huweza kuifunga diski nzima kwa usimbaji, yaani kuyafanya mafaili yasisomeke bila ufunguo maalumu, bila mwenye mashine kuelewa kilichotokea, na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo. Ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi, basi siku BIOS ikibadilishwa au ubao mkuu ukiungua kwa umeme, kompyuta itadai tarakimu hizo na wewe hutakuwa nazo, na hakuna fundi wa hapa mjini atakayeweza kuyarudisha mafaili yako. Hakikisha akaunti ni yako, ingia kwenye ukurasa wake ukiwa bado na mashine nzima, uunakili ufunguo kwenye karatasi na uutunze mahali pamoja na risiti ya kompyuta.